Shampuu ya "Zamzam", Mafuta ya "Baraka": Hukumu ya Majina ya Bidhaa za Saluni

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni mwanamke Mwislamu, nina saluni ya kike hapa Kirumba, Mwanza, na huu ni mwaka wa sita. Wateja wamekuwa wakiyasifu mafuta ninayowapaka baada ya kuwasuka, ambayo nayachanganya mwenyewe kwa nyonyo, nazi na ufuta, nikaamua kuyafungasha niyauze. Shampuu sitengenezi, naletewa kwenye madumu na mtu wa jumla, nami naipima kwenye chupa. Nimekwisha kuchapisha stika 300 za shampuu kwa jina la "Zamzam", kwa kuwa ni jina la maji na usafi. Mafuta nataka kuyaita "Baraka", jina alilolibuni msusi wangu. Mume wangu hakuridhia jina la Zamzam. Binamu yangu naye ananishauri niyaache yote mawili, nichukue jina la mafuta ya nje yanayopendwa, nibadilishe herufi moja. Wiki iliyopita mteja aliyekuwa anawahi meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, aliuliza kama humo mna maji ya Zamzam kweli. Msusi akamjibu, "Yamo kidogo," naye akanunua chupa mbili kwa ajili ya mtoto wake mwenye mapunye. Tangu siku hiyo sina raha. Naomba mwongozo, na je, msusi ana haki yoyote katika jina alilolibuni?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Dada yangu, nitaanza na zile chupa mbili zilizopanda meli, kwa sababu ndizo zilizokuondolea raha, na ndizo zinazotuonyesha vizuri zaidi jina la bidhaa ni kitu gani mbele ya sheria.

Asili ya kuipa bidhaa jina ni halali, kama ilivyo asili ya biashara yenyewe, na dini yetu haina uadui na jina zuri. Katika masimulizi ya Hudaybiya, alipotokea mjumbe wa Makuraishi aitwaye Suhayl, Mtume (S.A.W.) alilifurahia jina hilo lenye maana ya wepesi, akawaambia maswahaba kwamba jambo lao limekuwa jepesi. Lakini Zamzam si neno la sifa kama "laini" au "safi". Ni jina la kisima kimoja kilichomo katika Msikiti Mtukufu wa Makka, na kila aliyesoma madrasa hapa kwetu anaijua hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Jabir (R.A.), kwamba maji ya Zamzam ni kwa lile yanyweewalo, yaani humfaa mtu kwa nia aliyoyanywea. Mama yule wa Ukerewe alipoisoma stika yako aliisoma pamoja na hadithi hiyo, akamkumbuka mwanawe na mapunye yake, akafungua pochi.

Msusi amesema uongo, na hilo halina mjadala. Ila ningependa uone kwamba hata angenyamaza, stika ilikuwa imekwisha kumsemea. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kufunga viwele vya ngamia na mbuzi, yaani kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili maziwa yajae, apelekwe sokoni akiwa na kiwele kinachong'aa. Mfugaji wa Kisukuma haelezwi jambo hili. Amekwisha kuliona mnadani. Mwenye mnyama hakutamka neno lolote la uongo, pengine alisimama kando anatafuna muwa, na bado mnunuzi amepewa hiari, baada ya kumkamua, abaki naye au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kutoka hapo mafakihi wakafahamu kwamba hadaa ya kitendo ni sawa na hadaa ya ulimi. Chupa yenye stika ya Zamzam, ambayo ndani yake mna shampuu ya kwenye madumu, ni kiwele kilichofungwa.

Huenda ukasema, basi nitatia matone ya Zamzam ya kweli ili jina liwe na ukweli. Usifanye hivyo. Maji hayo yatachanganyika na mba na mafuta ya kichwani, kisha yatateremka kwenye mfereji, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameona si adabu kuyatumia maji ya Zamzam kuondolea uchafu wa najisi wakati maji mengine yapo. Jina la Zamzam basi liache, na hukumu hii ina uzito zaidi kwa majina ya Mwenyezi Mungu, kama Ar-Rahman au An-Nur, na kwa maneno kama Bismillahi. Chupa tupu za plastiki tunajua zinakoishia: mvua ikinyesha, mtu asimame kwenye daraja lolote la Mto Mirongo atazame zinavyoelea kuelekea ziwani. Mume wako amesema kweli katika hili, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Kuhusu jina la "Baraka", hapa pana nafasi zaidi, nami napenda nilieleze taratibu. Muslim amepokea kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitaka kukataza watu wasiitwe Ya'la, Baraka, Aflah, Yasar, Nafi' na mfano wa hayo, kisha akanyamaza, akafariki bila ya kulikataza. Katika hadithi ya Samura (R.A.) limekuja katazo la baadhi ya majina hayo pamoja na sababu yake, nayo ni kwamba utauliza, "Je, yupo hapo?" na usipomkuta utajibiwa, "Hayupo." Imamu Nawawi amelichukulia katazo hilo kuwa ni karaha isiyofikia uharamu, na mlezi wa Mtume (S.A.W.), Ummu Ayman, jina lake lilikuwa Baraka wala halikubadilishwa. Sasa jaribu kuisikia sababu hiyo ndani ya saluni yako siku ya Jumamosi, watu wamejaa na stima ya nywele inavuma: mteja anauliza, "Baraka ipo?" na msusi anaitikia kutoka chumba cha nyuma, "Baraka imekwisha!" Utacheka mara ya kwanza. Mara ya ishirini neno hilo litakuchoma.

Kwa hiyo kuyaita mafuta yako "Baraka" si haramu. Hapa Mwanza jina hilo limeandikwa kwenye daladala, kwenye vibanda vya simu na kwenye mitumbwi ya dagaa, na mimi siendi kumfutia mtu rangi yake. Ushauri wangu ni uliache, kwa sababu hiyo ya karaha na kwa sababu nyingine ya kibiashara, kwamba jina ambalo kila mtu analo halimtambulishi yeyote, na utapata tabu kulilinda. Ama baraka yenyewe, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Hakim bin Hizam (R.A.) ni mahali gani inapokaa: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na wakasema uongo, baraka ya biashara yao itafutwa. Kubainisha, katika chupa ya mafuta, ni kuandika kwamba ni nyonyo, nazi na ufuta, kwa ujazo uliomo kweli. Ukiandika mililita 100 nawe umeishia kwenye shingo ya chupa penye 90, aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, zinazowaonya wanaopunja vipimo, zinakuhusu.

Ushauri wa binamu yako naukataa bila kusita. Kubadilisha herufi moja katika jina la mwenzio, ukaacha rangi na umbo la maandishi vifanane, hakuna lengo lingine ila mnunuzi akosee. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kwa azimio namba 43 kwamba jina la biashara, anwani yake na alama yake ni haki maalumu za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Uamuzi huo unawalinda wa nje dhidi yako, na unakulinda wewe dhidi ya jirani yako wa Kirumba siku mafuta yako yatakapopata soko. Yanayohusu sheria za nchi yafuate pia, kwani yamewekwa kwa maslahi ya watu: alama ya biashara husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, hudumu miaka 7 ya mwanzo na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na usajili wa jina la biashara peke yake hautoshi kuwa usajili wa alama. Vipodozi navyo tangu mwaka 2019 vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ilhali zamani vilikuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Shampuu ya kwenye madumu, usiyoijua ilivyochanganywa, usiiandikie kwamba umeitengeneza wewe. Andika kwamba umeifungasha, na kabla ya hapo mtake huyo mtu wa jumla akuonyeshe vibali vyake.

Kwa msusi, tazama aliajiriwa kwa kazi gani. Ikiwa mkataba wenu ni wa kusuka na kuosha nywele, jina alilolibuni si sehemu ya kazi aliyolipwa, na ukilitumia ni uungwana, bali ni haki, umridhishe. Kwa kuwa nimekushauri uliache hilo la Baraka, jambo limekuwa jepesi, lakini akibuni jingine kaeni muandikiane, kama Qur'ani ilivyotuelekeza kuandikiana katika madeni. Ama umlipe ujira unaojulikana mara moja, ama awe mbia mwenye fungu la faida kwa asilimia. Msichanganye, ukamwahidi shilingi elfu hamsini kila mwezi na kuiita "faida" hata katika mwezi ambao biashara imepata hasara.

Jina gani basi? Mimi si mtu wa matangazo. Ningekuwa wewe ningechukua jina langu mwenyewe au la mama aliyenifundisha kusuka, nikachora jani la mnyonyo badala ya picha ya mwanamke mwenye nywele wazi. Na maneno ya "zinakua kwa wiki moja" usiyaandike, maana nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na hakuna mafuta yanayolibadilisha hilo kwa siku saba.

Zilizobaki ni zile stika. Ambazo hazijabandikwa zichome, na zilizobandikwa zibandue kwa maji ya moto, usizitupe zikakanyagwa. Ile hasara ya uchapaji ihesabu kuwa sadaka ya toba. Kisha mtafute yule mama. Watu wa Nansio wanajuana, na mabaharia na wapagazi wa bandarini huwa wanawafahamu wasafiri wa mara kwa mara. Akipatikana, msusi mwenyewe amwambie kwamba hamna Zamzam ndani ya chupa zile, arudishiwe fedha yake yote hata kama amekwisha kuzifungua, na umweleze kuwa mapunye ni maradhi ya fangasi, ampeleke mtoto kituo cha afya akapewe dawa, kwa kuwa shampuu peke yake haiyatibu. Ukimtafuta ukamkosa, itoe thamani ya chupa hizo sadaka kwa niaba yake, na siku akirejea saluni umpe hiari: airidhie sadaka ile iwe yake, au umlipe fedha yake na thawabu ibaki kwako. Wallahu aalam.