Mume wangu amekataa kupandikizwa mara ya pili

Mama wa Morogoro, unasema mumeo wa miaka 58 ana mailoma, saratani ya uboho. Alipandikizwa seli shina zake mwenyewe, zile zinazozaa damu, huko India, ugonjwa ukalala miaka mitatu na nusu, sasa umeamka. Daktari anasema kupandikiza tena kunawezekana, mzee hataki, nawe umehitimisha: "Amekata tamaa, hatupendi tena."

Pole, mdogo wangu. Kuuguza kunachosha.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika "tulichomwa dawa", "tulipandikizwa", "tulipona". Aliyechomwa melfalani, ile dawa kali ya saratani, ni yeye! Umesimulia mwenyewe ulivyomtia vipande vya barafu kinywani ili vidonda visitoke, na bado vikatoka, hata uji ukashindwa kupita. Wiki tatu anaona macho ya watu tu juu ya barakoa. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe unamwita mkaidi.

Tena mailoma haing'olewi kwa kupandikiza. Inalazwa tu, na usingizi wa pili kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa kwanza. Mumeo analijua hilo. Mstari wa mwisho kabisa ndipo unataja kwamba anataka "zile sindano na vidonge alivyoambiwa kliniki". Mbona umelizika huko chini? Kumbe matibabu anayataka, ila siyo uliyomchagulia wewe.

Lililoniuma zaidi ni lile kundi la michango la WhatsApp. Umeweka picha yake akiwa hana nywele hata moja, naye habari kaipata kwa shemeji yake. Jamani! Ndoa za siku hizi simu inajua kabla ya mwenye mwili. Sisi tulifundwa kwamba mke ni stara ya mumewe, na mgonjwa ndiye wa kusitiriwa kuliko wote.

Sisemi asipandikizwe. Miaka mitatu na nusu ni muda mzuri, ndiyo maana daktari amelitaja. Ungekuwa mwaka mmoja pengine angenyamaza. Nendeni pamoja, aulize yeye: zile seli zilizogandishwa mara ya kwanza, zipo zilizobaki? Figo na moyo vitahimili? Akichukua sindano badala yake, atarajie nini? Siku hiyo wewe sikiliza tu.

Kabla ya hapo ifute ile picha, waambie wachangiaji wasubiri, kisha kaa naye umwombe radhi kwa mdomo wako.