Kwa wanaoanza kutafiti ufundishaji wa hisabati: fungueni madaftari kwanza

Huku Moshi tunapokea vijana wa shahada ya uzamili wanaotaka kutafiti ufundishaji wa hisabati katika shule za msingi. Wengi wanafika na mbinu tayari mkobani: kazi za vikundi, michezo, zana za vizibo vya soda, siku hizi na programu za simu. Mpango wao unafanana: jaribio la kwanza, mbinu, jaribio la pili, kisha kulinganisha wastani. Sikatazi mtu. Ninachoomba ni kwamba wiki za mwanzo mbinu ipumzike, na wewe umwombe mwalimu ruhusa ya kukaa na rundo la madaftari ya mazoezi.

Chukua MAGAZIJUTO, ambayo kila aliyesoma shule zetu anaikumbuka: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Andika 10 − 3 + 2 na usishangae ukiletewa 5. Mwenye haraka atasema mtoto hakuwa makini. Mwulize mwenyewe, naye atakueleza bila wasiwasi: "JU inatangulia TO, nikajumlisha kwanza. 3 na 2 ni 5. Halafu 10 toa 5." Huyo ametii alichofundishwa. Hakuambiwa kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na kwamba hapo tunakwenda kutoka kushoto: 10 toa 3 ni 7, ongeza 2, ni 9.

Sasa funua kurasa za nyuma za daftari hilohilo. 10 + 3 − 2, jibu 11, vema. 8 + 6 − 4, jibu 10, vema. Kanuni ileile yenye kasoro imempatia vema ukurasa mzima, kwa kuwa aliyetunga zoezi alitanguliza kujumlisha kila mara. Mimi naona kazi yetu inaanzia kwenye vema za namna hii kuliko kwenye makosa. Kama jaribio lako haliwezi kumtenganisha mtoto huyu na mwenzake anayeelewa, wastani ukipanda kwa alama kumi hutajua kilichopanda ni nini.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1973 Stanley Erlwanger alichapisha mahojiano yake na mvulana wa miaka 12 wa darasa la sita huko Marekani, aliyemwita Benny. Shule ilitumia mfumo ambamo kila mtoto anafanya karatasi zake peke yake, majibu yanalinganishwa na orodha ya majibu, akifikisha alama anasonga mbele. Kwa mfumo huo Benny alikuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger alipokaa naye akagundua kwamba kwa Benny 2/10 ni 1.2, kwa sababu 2 na 10 ni 12, kisha unaweka nukta. Na 400/400 ni 8.00. Alikuwa na kanuni kwa kila kitu, akaamini kwamba hisabati ni kubahatisha jibu ambalo orodha inalitaka. Mtoto mmoja tu, lakini makala hiyo bado inasomwa. Ukiambiwa na msimamizi wako kwamba sampuli ya watoto wachache haina uzito, mkumbushe Benny kwa adabu.

Kuhoji mtoto nako kuna namna yake. Ukimwuliza "umepataje?", cha kwanza ni kunyoosha mkono kuchukua ufutio. Amezoea kwamba anayeulizwa ni aliyekosa. Kwa hiyo uliza pia kwenye majibu sahihi, tena anza na hayo, mpaka swali lipoteze ukali wake. Kaa ubavuni pake, msitazamane uso kwa uso kama polisi na mshukiwa. Zungumza Kiswahili hata kama umempata kidato cha kwanza, ambako darasani wameshahamia Kiingereza. Huko mtoto anaweza kunyamaza ukadhani hajui, kumbe anatafuta maneno.

Na subiri. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, aliyetafiti masomo ya sayansi Marekani, aliona kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuuliza tena au kujibu mwenyewe. Wakisubiri sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yanarefuka na wanaojitokeza kujibu wanaongezeka. Sekunde tatu kwa mdomo uliozoea kufundisha ni ndefu sana. Sikiliza kinasa sauti chako jioni, utajisikia ukimkatiza mtoto.

Wageni wengine wakifika soko la Mbuyuni na kumwona mtoto anarudisha chenji bila kalamu, wanapata mada papo hapo. Mada ni nzuri, ila someni waliotangulia. Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha mwaka 1985 utafiti wa watoto watano wachuuzi huko Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara walipata asilimia 98.2, hesabu zilezile zikiwa tupu kwenye karatasi, asilimia 36.8. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi za cruzeiro 35 (fedha ya Brazil ya wakati huo) kila moja. Hakuongeza sifuri mwishoni kama shule inavyotaka. Alianza na nazi tatu, 105, tatu nyingine, 210, akaenda hivyo hadi 350. Njia hiyo ni ya kuheshimu, ila usikimbilie kuandika pendekezo kwamba walimu "waingize soko darasani". Mafumbo ya Asha na maembe yake yamejaa vitabuni tangu zamani na hayajaokoa mtu. Kazi ngumu ni kumwonyesha mtoto kwamba 3, 3 na 4 za sokoni ndizo 10 ya ubaoni.

Mambo ya vibali nayapitisha haraka: barua ya chuo, mkoa, halmashauri, afisa elimu kata, mwalimu mkuu, kwa mpangilio huo, na nakala mkononi kila siku. Epuka Septemba, darasa la saba wana mtihani na hakuna atakayekuwa na muda nawe.

Kilicho kigumu ni ofisi ya walimu. Ukiingia na kalamu na karatasi nyuma ya darasa, wewe ni mthibiti ubora mpaka ithibitike vinginevyo. Utaletewa andalio la somo kabla hujaketi. Salimia vizuri, shikamoo kwa waliokuzidi, kunywa chai ya saa nne pamoja nao, sema wazi kwamba hutoi alama. Ukimwonyesha mwalimu zile 10 − 3 + 2, usimwonyeshe kama ushahidi wa mahakamani. Niliwahi kujibiwa na mwalimu mmoja mzoefu, "Basi hata mimi ndivyo nilivyofundishwa." Tukatafuta pamoja maswali ambayo yangeifichua kanuni hiyo, naye akatunga mazuri kuliko yangu.

Wazee waliosoma miaka ya 60 na 70 watakusimulia seti. Kuanzia mwaka 1962, kule Entebbe, warsha zilizofadhiliwa kutoka Marekani ziliandika vitabu vya "hisabati mpya", ile iliyoanzia kwenye seti, yaani makundi ya vitu, kwa ajili ya nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Waandishi walikuwa wasomi hodari, Waafrika wakiwemo. Lakini kitabu kinasafiri upesi kuliko mwalimu anavyoandaliwa. Ndiyo maana navutiwa zaidi na desturi ya Wajapani ya walimu kupanga somo moja pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakatazama watoto wanavyofikiri, kisha wakalirekebisha. Kwa darasa la watoto themanini haiwi kama ya Tokyo. Walimu watatu na kipindi kimoja kwa mwezi panatosha kuanzia.

Tasnifu yako ikikamilika, nakala iliyojalidiwa itakaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa hisabati mpelekee karatasi mbili: hesabu za watoto wake kama walivyoziandika, majina yameondolewa, chini ya kila moja maneno ya mtoto alivyoeleza. Mpelekee kabla hujaandika sura ya matokeo, kwa maana atakuwa na la kukurekebisha.