Haidroksiyurea kwa mtoto wa sikoseli

Pole sana dada, naelewa umeshtuka kusikia mtoto wa sikoseli kaandikiwa dawa ya kansa, lakini usiitupe. Ni kweli haidroksiyurea ilianzia kwa kansa ya damu, ila inaamsha ile himoglobini ya utotoni, ile mtoto anazaliwa nayo, na hiyo ikiwa nyingi seli hazijikunji kama mundu, basi maumivu yanapungua na kuongezewa damu pia. Marekani waliipitisha kwa watu wazima wenye sikoseli tangu 1998, sisi huku tulikuwa tunaogopa itaongeza malaria. Ndo maana namheshimu sana Dokta Robert Opoka, wakati huo akiwa hospitali ya Mulago, yeye na wenzake waliijaribu kwa watoto wetu hapahapa Kampala, wengine walipewa dawa yenyewe wengine ya bandia isiyo na dawa ndani, na matokeo ya 2017 yakaonyesha malaria haikuongezeka. 2020 wakaonyesha dozi ikipandishwa taratibu inasaidia zaidi. Kitu kimoja tu usikose, kipimo cha damu, maana dawa ikizidi inashusha seli nyeupe, zikishuka sana daktari anaisimamisha kwanza. Sasa mwulize kliniki, anapimwa lini tena?