Kabla hujapuliza: kwa wadogo zangu mnaojitolea kuchezesha watoto

Jumamosi nilikaa nyuma ya goli nikawaangalia mkichezesha chini ya miaka 13. Nilinyamaza, maana refa hakosolewi mbele ya watoto. Sasa watoto wamekwenda nyumbani, kwa hiyo mnisikilize.

1. Hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha. Wala kwenye kona, wala goli kiki. Mnalijua hili na darasani mlilijibu vizuri. Bado mmoja wenu alinyoosha mkono juu mpira uliporushwa moja kwa moja kwa mshambuliaji, eti kwa sababu wazazi wa upande wa pili walipiga kelele "ameoteaaa!" Wazazi hawajasoma Sheria ya 11, ile ya kuotea, wewe umeisoma. Na kocha akikufokea kwamba goli kiki haijatoka kwenye boksi, tabasamu uendelee: tangu 2019 mpira ukishapigwa ukasogea, unachezwa. Mwaka huohuo ndio ulioondoa ile ya kuanzisha tena mchezo kwa kudondosha mpira katikati ya watoto wawili wapigane mateke ya ugoko. Anapewa mmoja, wengine wote wanakaa mita 4. Sijui ni nani anayeendelea kuwafundisha ya zamani.

2. Filimbi ikae mkononi. Ikikaa mdomoni utapumua tu italia, na faida, ile ya kuacha mchezo uendelee kwa timu iliyochezewa rafu, imekwisha kufa.

3. Goli la kuhamishika litikise kabla ya mechi. Lisipokuwa limefungwa chini, hakuna mechi, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

4. Andikeni. Hapa mnivumilie kidogo.

Mwaka 2006, Kombe la Dunia kule Ujerumani, Graham Poll wa Uingereza alimwonesha Josip Šimunić wa Kroatia kadi ya njano mara tatu katika mechi moja dhidi ya Australia. Kadi ya pili aliiandika upande wa Australia, kwa namba 3 wao, kwa kuwa Šimunić naye alivaa 3. Na huyo alikuwa na wasaidizi wawili na mwamuzi wa akiba.

Mimi nilikuwa na wazazi wawili niliowapa vibendera. Fainali ya bonanza la shule za msingi, sare, giza linakaribia, tukaenda kwenye penalti. Daftarini nikaweka alama ya pata kwa bao na kosa kwa aliyekosa. Wekundu walianza. Mkwaju wa tatu wa bluu, kipa akaupangua, lakini alikuwa ameuacha mstari hatua nzima kabla haujapigwa. Nikaandika kosa, halafu nikamwonya kipa na kuamuru urudiwe. Mtoto akarudia, akapaisha. Nikaandika kosa jingine, na lile la kwanza sikulifuta.

Kwa hiyo daftari likasema bluu wamepiga minne wakati wamepiga mitatu. Wekundu wakafunga wa nne wao, ikawa 3 kwa 1. Nikachungulia daftari: bluu wamebakiwa na mmoja katika mitano yao, hawafiki. Nikapuliza ya mwisho.

Shangwe ile! Wekundu walimbeba mwalimu wao juu juu. Bluu wakavua jezi palepale, maana zilikuwa za kuazima na mwenyewe alishasimama pembeni na gunia. Mgeni rasmi akawa ameshika kombe. Ndipo kocha wa bluu, mwalimu wa hesabu, akaja taratibu, mikono nyuma. "Samahani mwamuzi. Naomba tuwahesabu wapigaji wangu." Akawataja kwa majina. Watatu. Nikarudia daftari nikiomba Mungu mwalimu wa hesabu awe amekosea hesabu.

Nilikwenda kwa mgeni rasmi kumwomba arudishe kombe mezani. Jezi zikatolewa kwenye gunia. Mpigaji wa nne wa bluu alikuwa nyuma ya madarasa anakula kashata. Akaitwa, akaja anajifuta mdomo, akavalishwa jezi ya kwanza iliyopatikana, na uwanja mzima ukasogea hadi ukingo wa boksi kumtazama yeye. Akapiga nje. Mechi ikaisha, washindi walewale.

Waliokuwapo wananiambia mpaka leo kwamba basi, hakuna kilichoharibika. Si kweli. Yule mtoto angepiga zamu yake akiwa amesimama na wenzake, mwili ukiwa na moto. Mimi nilimtoa kwenye kashata nikampa fainali nzima aibebe peke yake, kisha akaipoteza. Mwalimu wake hata hakuninunia. Alinishukuru kwa kukubali, na shukrani ile niliondoka nayo vibaya sana.

Mkwaju wa kurudiwa usiandikwe chochote mpaka urudiwe, na mshika kibendera awe na daftari lake mlinganishe kabla ya filimbi ya mwisho. Jumamosi nimemwona mmoja wenu akihesabu penalti kwa vidole. Vidole!

5. "Refa umekula hela!" Utaambiwa hivyo. Hela yenyewe ni nauli ya bodaboda na chupa ya maji mnayogawana na mshika kibendera. Usijibu. Baba akimtukana mtoto wake mpaka mtoto akalia, simamisha mchezo, mwite kocha, yeye ndiye akaongee na huyo baba. Wewe huna mazungumzo na watazamaji. Na dada zangu mnaoambiwa mkachezeshe netiboli: Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume Januari 2022. Mkumbusheni anayewaambia hivyo, halafu mtupe sarafu mechi ianze.

6. Vijeba, yaani wakubwa wanaochezea timu za watoto. Umri hauamuliwi na filimbi. Vyeti vinakaguliwa mezani kabla ya mechi, na anayelalamika aandike. Najua inauma. Niliwahi kuchezesha chini ya miaka 15 ambayo nahodha mmoja alikuwa na sauti ya muadhini na kidevu kilichonyolewa asubuhi ileile. Kocha wa wapinzani akagoma kuingiza timu. Nikamwambia aandike malalamiko, mechi ichezwe, akakubali shingo upande. Kusema kweli kijeba alikuwa na adabu kuliko wote, mpaka akawa ananisaidia kuwatuliza wenzake. Dakika za mwisho kitoto cha miaka kama minne kikakatiza uwanja, kikamshika bukta: "Baba, mama anasema twende." Nikaliandika kwenye ripoti neno kwa neno, na jina la kitoto nikaliacha.