Misheni na mkate
Dada, umeuliza kama wamisionari wa ng'ambo walileta mahubiri tu. Hapana. Hapa Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868 wakitokea Zanzibar, wakakomboa watumwa na kuwapa pa kuishi, shule, ufundi na mashamba ya minazi. Kimbunga cha 1872 kikawabomolea, wakajenga upya. Ukifika makaburini pale misheni, soma miaka kwenye misalaba: wengi walikufa vijana mno. Mimi huniuma kila nikipita.

Ila wafadhili wa leo nao watuulize kwanza tunahitaji nini. Mvua ilipoezua kanisa letu tuliomba mabati, tukaletewa masweta, na joto hili la pwani! Kina mama walichanga wenyewe, bati moja moja, mpaka paa likatimia.