Kwa wanaoanza kazi ya betri za zinki: viongezeo vya elektrolaiti na grafu inayodanganya

Betri ya kwanza niliyoamini kuwa imefaulu ilikuwa na vipande viwili vya bati jembamba la zinki, karatasi ya nyuzi za kioo katikati, na elektrolaiti, yaani myeyusho unaopitisha ioni kati ya vipande hivyo: salfeti ya zinki niliyoitia salfeti kidogo ya sodiamu kama kiongezeo. Kufikia siku ya nne ya kuchajiwa huku na huko, volteji yake ilikuwa imeshuka kutoka milivolti 45 hadi 12, ikatulia hapo, na mistari ya grafu ikanyooka kama kingo za sanduku. Nikadhani zinki sasa inatua kwa urahisi, nikampelekea msimamizi wangu grafu hiyo kwa furaha. Akaniuliza, "Kijana, umeifungua?" Nilikuwa sijaifungua. Tulipoifungua na kuishika ile karatasi ya nyuzi mbele ya dirisha, tuliona madoa ya kijivu yaliyopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Zinki ilikuwa imevuka, na nilichokiita mafanikio kilikuwa shoti.

Ili muelewe namna shoti ile ilivyozaliwa, fikirini uso wa elektrodi, yaani lile bati la zinki, wakati wa kuchaji. Ioni za zinki hufika hapo, hupokea elektroni na kuwa metali. Uso huo, hata ukipigwa msasa kwa uangalifu, una vinundu vidogo, na kwenye ncha ya kinundu uga wa umeme huwa na nguvu zaidi, hivyo ioni humiminika hapo kuliko kwingine. Kinundu hurefuka, na kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyozidi kuzivuta. Mkondo ukiwa mkubwa hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ioni zilizo karibu na uso huisha kabla ya nyingine kuwasili. Machipukizi hayo, yaani dendraiti, ndiyo yaliyoziponza betri za metali ya lithiamu tangu miaka ya 1970, na yalichangia sana betri za lithiamu zilizoingia sokoni mwaka 1991 kutumia kaboni badala ya metali yenyewe. Kwa anayeanza, zinki ina faida kubwa: elektrolaiti yake ni ya maji, haihitaji kisanduku cha gesi ya agoni, na haiwaki moto mezani.

Kiongezeo huingilia mchakato huo, lakini viongezeo havifanyi kazi kwa njia moja, na ni lazima ujue chako kinatakiwa kufanya nini kabla ya kukipima kwenye mizani. Ioni za sodiamu, kwa mfano, hukusanyika kwenye ncha bila kugeuka metali, kwa sababu sodiamu huhitaji volti -2.71 ilhali zinki huhitaji -0.76 tu; ioni hizo za sodiamu, zikiwa zimekaa pale, huzisukuma ioni za zinki ziende kutua mabondeni. Wazo hilohilo watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory, huko Marekani, walilionyesha mwaka 2013 kwa ioni za sesiamu katika betri za lithiamu. Polietilini glaikoli hufuata njia nyingine: molekuli zake hujibandika juu ya metali na kuufanya utuaji uwe mgumu kidogo, hivyo zinki huanza kutua mahali pengi kwa chembe ndogondogo badala ya mahali pachache kwa chembe kubwa. Glukosi nayo huingia kati ya molekuli sita za maji zinazoizunguka kila ioni ya zinki na kuchukua nafasi ya baadhi yake. Jambo hilo lina uzito, kwa kuwa maji hayo yakivunjika hutoa haidrojeni, tindikali hupungua karibu na uso, na vibamba vyeupe vya salfeti na haidroksidi ya zinki huota juu ya elektrodi.

Kuhusu upimaji nitasema machache, ingawa ndipo wengi wanapopotea. Salfeti ya zinki ya chupani kwa kawaida huja na molekuli saba za maji, kwa hiyo mililita 100 za myeyusho wa moli 2 kwa lita zinahitaji gramu 57.5, wala si gramu 32.3 za chumvi kavu. Na maji huongezwa hadi ujazo wote ufike mililita 100, hayamiminwi mililita 100 juu ya chumvi. Ukikosea hapo, tofauti utakayoiona itakuwa ya ukolezi, nawe utaisifu glukosi bure. Pima pia pH kabla na baada ya kutia kiongezeo, na kila mara tengeneza betri tatu zenye kiongezeo na tatu zisizo nacho, siku moja, kwa bati lililosuguliwa na mkono mmoja.

Sasa nirudi kwenye shoti, kwa kuwa ndiyo inayonisumbua zaidi ninaposoma kazi za wanafunzi. Volteji ikishuka ghafla na grafu ikawa na umbo la mraba, usishangilie. Ongeza mkondo mara mbili: ikiwa volteji nayo inapanda mara mbili kamili, mara moja na bila kupinda, inaelekea unapima waya wa zinki, si betri. Tengeneza pia betri ya zinki na shaba, utue zinki juu ya shaba kisha uiondoe hadi volti 0.5; yenye shoti mara nyingi haifiki 0.5 hata uisubiri usiku kucha, au hurudisha chaji nyingi kuliko uliyoiweka, jambo lisilowezekana.

Angalia vilevile kiasi cha zinki unachokisogeza. Miliampia-saa 1 kwa sentimita mraba ni tabaka la zinki lenye unene wa takriban mikromita 1.7 tu. Ukitumia bati la mikromita 100, unachezesha chini ya asilimia 2 ya metali uliyonayo, na karibu kiongezeo chochote kitaonekana kizuri. Panda hadi miliampia-saa 5, kisha 10, na katika kila hatua toa betri moja yenye kiongezeo na moja isiyo nacho, uzifungue kabla hazijafa, uoshe elektrodi kwa maji ya betri yasiyo na asidi, uzikaushe na kuzitazama kwa hadubini zikiwa zimelala sambamba.