Margaret Cho na kipindi kilichozimwa mapema: majibu kwa wasomaji

Katika safu iliyopita nilitaja kwa kupita tu All-American Girl, tamthilia ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 1994 iliyomtoa mchekeshaji Margaret Cho jukwaani na kumpeleka kwenye runinga. Nilisema kituo kilinunua sauti ya mtu kisha kikamnyima nafasi ya kusema. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua haya.

Hicho kipindi kilihusu nini, na kilidumu muda gani? Mimi ni wa 1999, sijawahi hata kukisikia. (Morogoro)

Kilianza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 14 Septemba 1994 na kikaisha tarehe 15 Machi 1995. Msimu mmoja, sehemu 19, basi.

Cho aliigiza kama Margaret Kim, binti anayeuza vipodozi kwenye duka kubwa na bado anaishi na wazazi wake mjini San Francisco. Wazazi ni wahamiaji kutoka Korea na wana duka la vitabu. Kaka mkubwa, Stuart, ni daktari, yule mtoto ambaye wenzake wanasemwa kwa jina lake kila siku. Kuna mdogo wao, Eric, na kuna bibi asiyebanduka mbele ya runinga na asiyemeza neno. Mama anataka binti apate Mkorea msomi. Binti anamleta nyumbani kijana wa Kizungu aitwaye Kyle. Sehemu ya kwanza inaanzia kwenye mgogoro huo.

Kwa nini vituo vya Marekani vinapenda kuwachukua wachekeshaji wa jukwaani? Si wana waigizaji wao waliosomea kazi? (Mombasa)

Kwa sababu mchekeshaji wa jukwaani anakuja na mhusika aliyekwisha kujaribiwa. Amesimama na maikrofoni usiku baada ya usiku mbele ya watu waliolipa kiingilio, na kila mzaha usiochekesha ameutupa. Anajua cheko liko wapi. Kituo kikimchukua kinaona kimepunguza hatari ya hasara.

Na miaka ile ilikuwa miaka yao. Roseanne Barr alipata kipindi chake mwaka 1988, Jerry Seinfeld mwaka 1989, Tim Allen 1991, Martin Lawrence 1992, Brett Butler 1993, Ellen DeGeneres mapema 1994. Vyote vilidumu miaka kadhaa. Kwa hiyo ABC ilipomtazama Cho, binti wa miaka 25 aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya American Comedy Award mwaka uleule, iliona inapita njia iliyokwisha kupitwa.

Lakini wengi husahau jambo moja. Seinfeld aliandika kipindi chake pamoja na Larry David, naye mtu wa jukwaani. Roseanne aligombana waziwazi na mtayarishaji wake kuhusu nani mwenye usemi, na aliyeondoka ni mtayarishaji, ndani ya msimu wa kwanza uleule. Wachekeshaji hawa walishika usukani. Kipindi cha Cho kilibuniwa na Gary Jacobs na muswada ulikuwa mikononi mwa watu wengine, ingawa kilitangazwa kwamba kimetokana na vichekesho vyake. Jukwaani Cho alikuwa akizungumzia mwili wake, mapenzi, dawa za kulevya, na marafiki zake mashoga wa San Francisco aliokua kati yao. Hayo yote hayakuingia kwenye kipindi cha familia cha mapema jioni. Ni sawa na kumwajiri mpishi wa pilau kwa sifa za mkono wake, halafu ukamfungia kabati la viungo.

Kipaji cha mchekeshaji ni namna anavyouona ulimwengu. Ukimwondolea hiyo ukambakizia sura na jina, umebaki na mtu anayesoma maneno ya mwenzake, tena pengine bila ustadi wa mwigizaji aliyesomea.

Dada, ni kweli walimwambia uso wake ni mkubwa mno kwa runinga? Nilisoma mahali nikadhani ni chumvi. (Nakuru)

Ameyasimulia mwenyewe, jukwaani na kwenye kitabu chake, na hajawahi kuyarudisha nyuma. Anasema baada ya majaribio ya kamera aliambiwa kituo kina wasiwasi na unene wake, hasa kujaa kwa uso wake. Akatafutiwa mwalimu wa mazoezi na mtaalamu wa lishe. Akapungua takriban kilo 13 na nusu ndani ya wiki mbili. Figo zikashindwa kufanya kazi, akalazwa hospitali. Na kumbuka alikuwa anaenda kuigiza mhusika aitwaye Margaret, aliyetokana na maisha yake mwenyewe. Aliambiwa hafanani vya kutosha na yeye mwenyewe.

Mwaka 1995, kipindi chake kilipokwisha, ABC hiyohiyo ilizindua kipindi cha Drew Carey, mchekeshaji mwingine wa jukwaani, mwanamume mnene wa uso wa duara. Kilidumu hadi 2004. Cho mwenyewe amelisema hilo jukwaani, na kila nikilisikia linanikera upya. Sina ugomvi na Drew Carey, alistahili nafasi yake. Ugomvi wangu ni na mizani iliyompima mmoja kwa vichekesho vyake na mwingine kwa mashavu yake.

Nimesikia Wakorea wenyewe ndio walikipinga. Kwa nini mtu apinge kipindi cha kwanza kinachoonyesha watu wake? (Dar es Salaam)

Swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo.

Turudi nyuma miaka miwili kabla ya kipindi. Aprili 1992 Los Angeles iliwaka moto baada ya polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani Mweusi, kuachiwa na mahakama. Biashara zaidi ya 2,000 za Wakorea ziliporwa, kuchomwa au kuharibiwa. Wamarekani wengi walimwona Mkorea kwenye runinga kwa mara ya kwanza akiwa amesimama juu ya paa la duka lake na bunduki mkononi. Jamii hiyo ilikuwa bado na kidonda kibichi. Kisha ikatangazwa kwamba inakuja familia ya Kikorea, katikati ya ratiba ya jioni, kwenye kituo kikubwa cha taifa. Fikiria mzigo uliotua juu ya binti mmoja wa miaka 25: awachekeshe Wamarekani wote, na hapohapo awasafishie jina Wakorea wote.

Kipindi kilipoanza, watu walikuta kwamba katika familia nzima ile mwigizaji mkuu mwenye asili ya Korea ni Cho peke yake. Baba aliigizwa na Clyde Kusatsu, Mjapani-Mmarekani wa Hawaii. Bibi ni Amy Hill, ambaye mama yake alikuwa Mjapani na baba yake mwenye asili ya Ufini. B.D. Wong, aliyekuwa Stuart, asili yake ni China. Mama ni Jodi Long, naye si Mkorea. Kila mmoja wao ni mwigizaji mzuri, na mwaka ule kazi za namna hiyo kwa watu wenye asili ya Asia zilikuwa chache mno. Siwezi kuwalaumu kwa kuzikubali. Ila mzee wa Kikorea aliyekaa sebuleni kwake alisikia maneno machache ya Kikorea yakitamkwa vibaya, akaona mila zake zimechanganywa na za jirani, akazima runinga.

Kituo kilijibu vipi? Cho anasimulia kwamba aliletewa mshauri wa kumfundisha namna ya kuwa mtu wa Asia zaidi. Kisha, idadi ya watazamaji ilipozidi kushuka, wakageuka upande wa pili kabisa. Katika sehemu ya mwisho karibu familia yote imetoweka: Margaret anaishi na vijana wa kiume, na wa nyumbani aliyebaki ni bibi. Ndani ya msimu mmoja mtu huyohuyo aliambiwa aongeze Uasia, kisha aupunguze. Hakuna aliyemwuliza yeye angependa kusema nini.

Sehemu 19 ni chache? Huku kwetu kipindi kikifika 19 tunakifanyia sherehe. (Kisumu)

Kwa utaratibu wa vituo vikubwa vya Marekani vya wakati ule, ni pungufu kidogo ya msimu kamili. Kwa kawaida kituo kiliagiza sehemu 13 kwanza, kikatazama namba, na kikiridhika kikaongeza 9 kufikia 22. Vipo vilivyofutwa baada ya kurushwa mara mbili tu. Kwa hiyo 19 ina maana walivuta subira kiasi, ila hawakuamini vya kutosha kuleta msimu wa pili.

Tuseme ukweli: kilikuwa kinachekesha? (Zanzibar)

Mara chache. Mizaha mingi unaiona ikija tangu mlangoni, na kila mgogoro unamalizika kwa kukumbatiana. Cho mwenyewe anaonekana amejibana. Mtu aliyewahi kumwona jukwaani, namna anavyouvuta mdomo na kuyakunja macho akimwigiza mama yake, anamtazama hapa na kujiuliza yuko wapi.

Lakini Amy Hill ni hazina. Bibi yule anachekesha kwa sababu hana haja ya kupendwa na yeyote. Anasema, anageuza uso, anarudi kwenye runinga yake. Na kuna sehemu moja ya mwanzoni ambayo bado naisifu: Margaret anapata mchumba Mkorea wa aina ambayo mama aliiomba, naye anaanza kujifanya binti mtiifu, mpole wa kauli, mpaka anakosa pumzi ndani ya huo uigizaji. Hapo kwa dakika chache kipindi kilikaribia kusema jambo la kweli kuhusu mtoto wa mhamiaji. Wangeng'ang'ania hapo!

Shikamoo. Baada ya hapo Cho aliishia wapi? (Arusha)

Marahaba. Aliangukia kwenye pombe na dawa za kulevya, hajawahi kulificha. Kisha akarudi mahali alipotoka. Mwaka 1999 alipanda jukwaani na onyesho la peke yake, I'm the One That I Want, akaisimulia habari yote: uso, figo, mshauri, kufutwa. Lilirekodiwa San Francisco katika ukumbi wa Warfield, likatoka kama filamu mwaka 2000, na kitabu kikafuata mwaka 2001. Kile ambacho runinga ilishindwa kukifanya naye kwa sehemu 19, alikifanya peke yake na maikrofoni.

Kwenye runinga alirudi pia. Aliigiza katika Drop Dead Diva kuanzia 2009, na mwaka 2012 aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kama mgeni katika 30 Rock.

Ila tazama pengo lililobaki. Baada ya 1995, vituo vikubwa vya Marekani havikuweka tena tamthilia ya vichekesho ya familia yenye asili ya Asia mpaka Februari 2015, ilipokuja Fresh Off the Boat, kwenye ABC hiyohiyo. Miaka ishirini! Vipindi vya familia za Wazungu vinafutwa kila mwaka na hakuna anayesema familia za Wazungu hazitazamiki. Fresh Off the Boat ilidumu misimu sita.

Naandika kutoka Columbus, Ohio. Binti yangu yuko chuo, ameanza vichekesho vya jukwaani, na mzaha wake mkubwa ni mimi: lafudhi yangu, ninavyoongea na simu kwa sauti, ninavyomwuliza ataolewa lini. Ukumbi unacheka. Mimi nilikaa nyuma nikajikaza. Anatudhalilisha? (Mama wa watoto wanne)

Mama yangu, pole, na ahsante kwa kuandika wazi.

Mzaha maarufu kuliko yote wa Cho ni mama yake. Kuna ule ambapo mama anaacha ujumbe kwenye simu, anamhoji binti kuhusu mapenzi yake, halafu anamwambia kwamba akikataa kupokea, basi hilo ndilo jibu. Lafudhi ipo, na nzito. Lakini ukisikiliza unagundua kwamba mtu mwenye akili kupita wote katika hadithi ile ni mama. Anajua anachotafuta, na anamkaba binti yake mpaka ukutani. Watu wanacheka kwa sababu wanamtambua mama yao.

Kwa hiyo jiulize ukumbi ulicheka nini. Kama ulicheka namna unavyotamka neno tu, basi mwambie binti, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba anakuuza kwa bei rahisi. Kama ulicheka ujanja wako, maswali yako, upendo wako usiojua kunong'ona, basi amekuweka mahali pa heshima hata kama kiti kile cha nyuma kilikuwa kichungu. Na muulize mzaha aliuanza vipi. Wachekeshaji wanapenda kuulizwa hilo. Huenda ukampa mwingine.

Nianze kutazama kipi? (Mwanza)

Anza na filamu ya I'm the One That I Want, bila watoto chumbani, maana lugha ni kali. Halafu ndipo utazame All-American Girl, iliyotoka kwenye DVD mwaka 2006. Ukishamsikia Cho akizungumza kwa sauti yake, utaona mwenyewe kwenye kila sehemu ni wapi alipozibwa mdomo. Sehemu ya mwisho, ile iliyoondoa familia, itazame ukiwa na nafasi tu.